Makaburi ya Safu ya Saba

Mwantum Hamidu alitoka Kondoa, kwenye kijiji kimoja cha milimani, akaja Dodoma mjini kusomea utunzaji wa kumbukumbu na hakurudi tena kwao ila kwa misiba na sikukuu. Aliolewa na Habibu, fundi wa redio na televisheni, wakapanga vyumba viwili Chang'ombe. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi kwenye duka la stesheneri kule Nkuhungu. Alichapa barua, alitoa fotokopi, aliwajazia vijana maombi ya ajira kwenye mtandao. Alikuwa na vidole vyepesi na macho yasiyopitwa na herufi. Mtu akimtajia jina lake mara moja, aliliandika sawasawa hata likiwa la Kigogo lenye herufi ambazo wengine walizirukaruka.

Kwa sababu hiyo mteja mmoja alimwambia kuhusu kazi ya makaburi.

Mbele ya Zuzu kulikuwa na uwanja wa makaburi wa siku nyingi, na ardhi ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya maghala. Kampuni ndogo ilikuwa imepewa kazi ya kuwahamisha marehemu na kuwazika upya kwenye mteremko mmoja wa udongo mwekundu, upande wa pili wa bonde. Walihitaji karani wa data. Habibu hakupenda. Alisema mwanamke kushinda na wafu si jambo zuri, tena wafu wa watu wengine. Mwantum akamjibu kwamba watu wa kuogopwa anawahudumia kila siku dukani, na wote wako hai. Habibu akacheka, mambo yakaishia hapo.

Kuna jambo ambalo hakumwambia, ingawa Habibu alilijua. Baba yake Mwantum alifia machimboni Mererani, Mwantum akiwa darasa la nne. Alizikwa na watu aliochimba nao. Mama yake alipopata nauli ya kwenda huko, wale wachimbaji walikuwa wameshatawanyika, na hakupata mtu wa kumwonyesha kaburi. Alirudi Kondoa na shati la marehemu ndani ya mfuko wa plastiki. Mwantum aliposikia kuna kazi ya kuandika nani amelala wapi, hakuhitaji kubembelezwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kaburi la zamani lilipewa namba. Mwantum alipita na simu ya kazini, akapiga picha, akaandika jina, mwaka, na ndugu wa kupigiwa simu. Kaburi lilipofukuliwa, mabaki yalifungwa sanda mpya na kuwekwa kwenye sanduku dogo la mbao laini, na ile namba ikaandikwa kwa wino kwenye kifuniko. Lori likayabeba masanduku mpaka kule mteremkoni. Huko alikuwepo Abeli, kijana wa Kigogo aliyesoma mpaka kidato cha sita, mwenye kishikwambi cha kampuni. Kila sanduku lilipoteremshwa ardhini, Abeli aligusa kioo na kuandika kwamba sanduku namba fulani limelala mahali namba fulani. Mahali pale palipigwa kigingi cha chuma chenye namba ya mahali tu. Majina yangewekwa mwishoni, kwenye misalaba ya saruji.

Simu ya Mwantum, kishikwambi cha Abeli na kompyuta ya ofisini vilitumia programu moja, na vyote vilipelekeana taarifa kupitia hifadhi ya mtandaoni. Alichoandika Abeli bondeni kilitakiwa kionekane ofisini baada ya muda mfupi. Wao waliita kusinki. Msimamizi wao, Joel, aliipenda sana programu ile. Wiki ya kwanza Abeli alikuwa akinakili pia kwenye karatasi, Joel akamwambia aache, kwamba kazi moja haifanywi mara mbili.

Ndani ya programu palikuwa na nafasi iliyoitwa Maelezo. Kampuni haikuitaka. Mwantum aliijaza kwa hiari yake. Aliwauliza ndugu waliokuja kusimamia ufukuaji wamwambie chochote kuhusu marehemu wao, naye akakiandika kama walivyokisema.

Hivyo ndivyo alivyomfahamu Mzee Yoramu.

Mzee Yoramu alikuwa mkulima wa uwele na karanga, anakaa si mbali na pale. Mkewe, Ruthu, alikuwa amezikwa pale miaka michache nyuma. Kabla ya zamu ya kaburi la mkewe kufika, alikuja karibu kila asubuhi, akang'oa majani mawili matatu, akakaa.

"Shikamoo mzee," Mwantum alimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si wa huku."

"Mimi Mrangi, mzee. Natoka Kondoa."

"Karibu basi. Ndiwe mwenye kutuhamishia watu wetu."

"Mimi naandika tu. Niandike nini kuhusu bibi?"

"Andika Ruthu."

"Jina nimeshaandika. Nataka kitu kingine, chochote."

Mzee alifikiri. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kinapita kwanza kwenye Kigogo ndipo kinatoka. "Andika alikuwa akicheka kabla hajamaliza kusimulia. Akianza hadithi, katikati anaanza kucheka mwenyewe, basi imeisha hapo. Hadithi zake nyingi mimi mwisho wake sikuujua."

Mwantum aliandika neno kwa neno. Mzee akamwomba amsomee, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Toka siku ile akawa akimletea salamu kama mtu wa nyumbani.

Mvua za mwaka ule zilianza zikiwa kali. Bonde likajaa tope, lori likawa linakwama, na ratiba ikabanwa. Kampuni ikatangaza kanisani kwamba kwa makaburi yaliyobaki ndugu wasije bondeni. Wangoje kazi iishe, kisha ifanyike ibada moja kubwa na kila familia ionyeshwe mtu wake. Watu walinung'unika, lakini walikuwa wameshaona vile kazi ilivyofanyika vizuri kwa wenzao, wakakubali. Waliobaki walizikwa kwenye safu ya saba, ya mwisho. Walikuwa hamsini na kitu, Ruthu akiwa mmoja wao. Masanduku yalishuka yakiwa yamechanganyika, kadiri lori lilivyopata njia, na Abeli akayazika kadiri yalivyofika, amevaa buti za mpira na kishikwambi kifuani ndani ya mfuko wa nailoni.

Wakati huohuo kompyuta ya ofisini ilianza kusumbua. Majina yakawa yanatokea mara mbili. Marehemu mmoja ana picha ya kaburi la mwingine. Mwantum akifuta, kesho yake yanarudi, kana kwamba simu na kompyuta vinabishana nani mkweli. Wiki nzima alisafisha majina na picha za makaburi ya zamani mstari kwa mstari mpaka kompyuta ikanyooka; orodha ya mahali papya hakuifungua. Alijua ikisinki tena itachafuka. Akawaandikia wenye programu, nao wakajibu kwa Kiingereza kilichonyooka. Dawa ni moja: futa kila kitu kilichopo kwenye hifadhi ya mtandaoni, chagua kifaa kimoja chenye taarifa sahihi kiwe chanzo, kisha vifaa vingine vyote vipokee upya kutoka kwake. Mwishoni waliongeza onyo. Kabla ya kuanza, hakikisheni kila kifaa kimeshapeleka taarifa zake, kwa sababu kifaa kinachopokea upya hufuta kilichokuwa nacho.

Mwantum alilisoma onyo hilo. Hakuna mtu aliyewahi kusema baadaye kwamba hakulisoma.

Joel alikuwa na wageni wa makao makuu wanaokuja kuona kazi. Alisimama nyuma ya kiti chake. "Hiyo kitu leo iishe, dada. Siwezi kuwaonyesha watu marehemu wenye mapacha."

"Acha nimwulize Abeli kwanza."

Akampigia. Mvua ilikuwa inasikika kwenye simu.

"Abeli, kishikwambi chako kimeshapeleka kila kitu?"

"Subiri nitazame, dada Mwantum." Akarudi kwenye simu. "Ndiyo. Naona tiki ya kijani."

"Una uhakika?"

"Tiki ipo. Kijani kabisa."

Tiki ilikuwepo kweli. Ila ilikuwa ya mara ya mwisho kishikwambi kilipofanikiwa kupeleka taarifa, na hiyo ilikuwa kabla safu ya saba haijaanza. Laini yake ilikuwa imeishiwa bando, hakuna aliyeongeza, na programu haikulalamika. Iliendelea kuandika ndani yake kimyakimya na kuacha alama yake ya zamani pale juu. Abeli hakujua. Mwantum naye hakumwambia afungue aangalie tarehe.

Alifuta hifadhi ya mtandaoni. Akachagua kompyuta kuwa chanzo. Akangoja mpaka ikamaliza kupeleka, kisha akampigia tena Abeli.

"Kitakuuliza kama upokee upya. Taarifa ni nyingi, washa na hotspoti ya simu yako, halafu bonyeza Ndiyo."

"Kinasema vilivyomo vitafutwa."

"Ni sawa. Vyote viko huku."

Abeli akabonyeza Ndiyo. Mwantum alikata simu, akanyoosha mgongo, akamwambia Joel kwamba imekubali. Joel akasema asante, akatoka kwenda kuagiza chai. Simu ikaita kabla chai haijafika.

"Dada," Abeli alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Safu ya saba siioni."

"Telemsha chini."

"Nimetelemsha. Inaishia ya sita. Hapa chini pamebaki vigingi vitupu."

Mwantum aligeukia kompyuta. Akafungua safu ya saba. Namba za mahali zilikuwepo zote, zimejipanga, na mbele ya kila moja hapakuwa na kitu. Akafungua simu yake. Vilevile. Alikaa akitazama nafasi zile nyeupe, Abeli akiita simuni, "Dada? Dada upo?"

Majina ya waliozikwa safu ya saba yalijulikana, kwa sababu ndio waliokuwa wamebaki. Kilichopotea ni nani yuko wapi. Vichuguu hamsini na kitu vya udongo mwekundu, vimelingana kimo na upana, na chini yake watu wote ambao ndugu zao waliambiwa wangoje.

Alijaribu kila alichokijua. Aliwaandikia tena wenye programu. Walijibu kwa adabu kwamba wanasikitika, taarifa ambazo hazikuwahi kufika kwao hawawezi kuzirudisha. Habibu alikipeleka kishikwambi kwa rafiki yake mjini anayefufua simu zilizoingia maji. Yule fundi alikaa nacho siku mbili, akakirudisha akisema nafasi ilikokuwa taarifa ya zamani imeshaandikwa taarifa mpya. Hakutaka kulipwa.

Abeli na Mwantum walikwenda bondeni, wakatembea kwenye safu ile tangu kigingi cha kwanza. Abeli alikuwa akisimama, anafumba macho, anajaribu kuona mvua ya siku ile na lori lilivyoegeshwa. "Huyu ni mtoto. Namkumbuka kwa sababu sanduku lilikuwa dogo kuliko yote. Huyu nadhani ni yule mwalimu." Akasogea. "Huyu sijui." Akasogea tena. "Huyu sijui." Alipofika katikati ya safu alikuwa ameacha kusema, anatikisa kichwa tu. Mwishoni aligeuka, akamwambia, bila hasira, "Uliniuliza tiki, dada. Nami nikakwambia tiki."

"Najua."

"Ungeniuliza kingine ningekuangalizia."

"Najua, Abeli."

Wakamwomba Joel makaburi yafukuliwe, wasome namba vifunikoni. Joel aliogopa, lakini alikubali kumwita bwana afya, wakafukua moja. Maji yalikuwa yamekaa kwenye shimo. Mbao laini zilikuwa zimevimba na kupasuka, na ule wino ulikuwa umesambaa kifunikoni, doa moja kubwa la bluu. Mwantum alipiga magoti kwenye tope, akageuza uso huku na huku kutafuta mwanga wa kumwonyesha hata tarakimu moja. Bwana afya alimwacha kwa muda. Kisha akasema kwa upole, "Tufunike, dada. Tunazidi kuwasumbua." Hilo likawa la mwisho kufukuliwa.

Habibu alimkuta jioni ile amekaa jikoni, hajawasha moto.

"Mungu anajua kila mmoja alipo," alimwambia.

"Mungu hawatamwuliza yeye. Wataniuliza mimi."

Habibu akawasha jiko mwenyewe, akapika ugali, wakala.

Siku chache baadaye Joel alimwita, akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye naye halali.

"Misalaba inachorwa wiki hii," alisema. "Safu ya saba utaijaza kwa mfuatano wa namba za zamani. Wa kwanza kigingi cha kwanza, wa pili cha pili, mpaka mwisho."

"Itakuwa uongo."

"Itakuwa msalaba wenye jina."

"Bosi, tuwaambie. Tuweke ukuta mmoja, majina yote pamoja, tuseme wako hapa, ila hatujui nani yuko wapi."

"Nimeshawauliza wakubwa. Wamekataa." Joel alitazama mikono yake. "Dada Mwantum, fikiria. Mtu amengoja mvua nzima aje amwone mama yake. Unataka umwambie mama yako yupo kwenye lundo? Marehemu hatajua. Aliye hai anataka mahali pa kusimama alie, arudi nyumbani. Mimi na wewe tubebe hilo lingine."

"Na nikikataa?"

"Atajaza mwingine. Na yeye hatajali hata kuandika majina vizuri."

Mwantum alirudi kwenye meza yake. Kisha akaanza kujaza. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama siku zote, na kabla adhana ya adhuhuri haijasikika kutoka mtaa wa pili safu ya saba ilikuwa imejaa. Aliandika kila jina la Kigogo kwa herufi zake zote. Programu ikasinki vizuri, vifaa vyote vitatu vikakubaliana, na hakuna jina lililotokea mara mbili.

Ibada ilifanyika Jumamosi, jua likiwa limetoka. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, kisha familia zikatawanyika kwenye misalaba kutafuta majina yao. Mwantum alikuwa amesimama pembeni na ushungi wake, maana alitakiwa awepo kuwaelekeza wasioweza kusoma. Aliwaelekeza. Mama mmoja alimshika mkono, akaenda naye mpaka kwenye kichuguu kimoja, akauliza, "Huyu ndiye?" Mwantum akasoma jina kwenye msalaba kwa sauti, hakuongeza neno. Yule mama akalala kifudifudi juu ya udongo, akaanza kumweleza mwanawe habari za nyumbani. Kila Mwantum alipogeuka alikuta mtu anamwambia asante. Mmoja alimwombea kwa Mungu wake mbele ya watu, akimwita binti wa Kiislamu aliyewatunzia wazazi wao.

Wiki ya mwisho ya mkataba wake, Mzee Yoramu alikuja ofisini kwa miguu, na karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa sandarusi. Alitaka Mwantum amsindikize mteremkoni. Walipofika alianza kung'oa majani kwenye kaburi lenye jina la Ruthu, kama alivyokuwa akifanya kule kwenye makaburi ya zamani, huku akizungumza Kigogo kwa sauti ya chini. Mara akacheka peke yake.

"Nilikuwa namwambia habari za mbuzi," alimweleza Mwantum. "Naona aliujua mwisho kabla sijafika."

Mwantum alifungua kinywa ili aseme jambo la kawaida, na lililotoka likawa lile lingine.

"Mzee, sijui kama bibi yuko hapo."

Akamweleza yote, akiwa amesimama, bila kutafuta maneno mazuri. Alimweleza kishikwambi, mvua, tiki, na jinsi alivyojaza majina kwa mfuatano. Mzee hakumkatiza. Mengine hakuyaelewa, Mwantum aliona hivyo, lakini la maana alilielewa.

"Yuko kwenye safu hii?" aliuliza mwishowe.

"Yuko kwenye safu hii. Hilo nina hakika."

Mzee aliitazama safu ile mpaka mwisho wake, kisha akairudia kwa macho mpaka pale alipokuwa amesimama. Bado alikuwa na majani mkononi.

"Wanaojua ni akina nani?"

"Mimi, mume wangu, Abeli, msimamizi na wakubwa wake."

"Na sasa mimi." Akayaacha majani yaanguke. "Kwa nini umeniambia?"

"Nilishindwa kukudanganya, mzee."

"Wote hawa umewaweza. Mimi tu ndiye niliyekushinda?"

Mwantum aliinama, akaanza kuyaokota yale majani.

"Mimi nilikuwa nimeshafika, mwanangu," Mzee Yoramu alisema. "Nilikuwa nimekaa. Sasa umenisimamisha tena, na umri huu, na pa kwenda hujanionyesha." Hakuwa na ukali wowote. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaanza kushuka mteremko bila kumwita, na Mwantum hakuthubutu kumfuata. Karanga zilibaki pale chini ya msalaba.

Alipokuwa akirudi mjini aliona wazi alichokifanya. Alikuwa amechoka kubeba mzigo, akautua kwa mtu wa karibu aliyempenda, na ulipotua haukumpungukia yeye hata kidogo. Sasa walikuwa wanaubeba wawili.

Mkataba uliisha, akarudi Nkuhungu kwenye stesheneri. Mwenye duka alifurahi. Mara nyingine mteja alimletea simu akisema vitu vyake havisinki, amsaidie, naye alimwambia aende kwa mtu mwingine. Kazi nyingine ya data ilitokea, yenye ofisi nzuri, Habibu akamshawishi. Alikataa bila kueleza. Swala zake alizirefusha. Kondoa alipokwenda kumsalimia mama yake hakuthubutu kumsimulia, na mama, aliyejivunia sana ile kazi ya makaburi, alizoea kuwaambia majirani kwamba mwanawe amewafanyia wengine kile ambacho wao hawakufanyiwa. Mwantum alikuwa akiinuka na kwenda nje kila mama akianza hayo.

Habari za Mzee Yoramu alizipata kwa Abeli. Mzee hakuonekana tena mteremkoni. Majani yaliota kwenye kaburi lile kuliko makaburi mengine yote, mpaka watu wakaanza kumsema kwamba amemsahau mkewe. Hakujitetea, wala hakumfunulia mtu.

Masika ya mwaka uliofuata Abeli alimpigia simu. Mzee Yoramu amefariki, kwa nimonia, na binti yake Gladness anamwomba sana Mwantum afike mazikoni.

Alikwenda na Habibu. Walikuta kaburi limeshachimbwa, sambamba na lile la Ruthu, ubavu kwa ubavu, na majani yote yamefyekwa. Gladness, mwanamke mnene wa makamo aliyefanana na baba yake machoni, alimtoa pembeni kabla jeneza halijafika.

"Samahani kukusumbua, dada. Nina neno moja tu." Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. "Baba siku zake za mwisho alikuwa anakataa kuzikwa hapa. Anasema mama hayupo hapa. Anasema tusimlaze na mtu asiyemjua. Kaka zangu wanasema ni homa, lakini mimi moyo unanisumbua. Wewe ndiye uliyeandika. Baba mwenyewe alikuwa akikutaja. Nakuomba uniambie tu. Mama yupo hapa?"

Vijana walikuwa wanakuja na jeneza, wanapanda mteremko taratibu kwa sababu ya utelezi. Wanawake nyuma yao walikuwa wanaimba. Mwantum alimtazama Habibu, naye alikuwa ametazama chini.

"Yupo," Mwantum alisema.

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

Gladness alivuta pumzi ndefu. Akamkumbatia, akamshukuru, kisha akaenda kwa kaka zake, na Mwantum akamsikia akiwaambia kwamba walikuwa wanasema kweli, ilikuwa ni homa tu.

Mchungaji alisema kwamba leo mume na mke wamekutana tena. Watu wakaitikia amina. Udongo ulianza kumiminwa, nao ulikuwa mzito kwa mvua, unaanguka kwa mabonge. Mwantum alibaki amesimama mpaka kichuguu kikasawazishwa na msalaba ukapigwa. Watu walipoanza kushuka, Abeli alimpita karibu, wakatazamana, hawakusalimiana.

"Twende," Habibu alimwambia. Alimwambia mara ya pili. Ndipo akageuka.